Andikeni Mapatano Yenu

Ndugu zetu wa Pumwani na mitaa ya jirani, wengi wetu huuziana na kukopeshana kwa kuaminiana tu. Likizuka shauri, mbio kwa Kadhi. Lakini kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimemwachia Kadhi mambo ya ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, biashara haimo. Dai la bei ya bidhaa au huduma, lisilozidi shilingi 1,000,000, hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Mdai aweza kujisemea bila wakili, na sheria yataka hukumu itoke katika siku 60. Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, ila ni taabu kuyathibitisha. Al-Baqara, aya 282, imekwisha tuamrisha: maandishi na mashahidi. Karatasi haivunji udugu, bali huulinda.