Daftari Kwanza, Barua Baadaye

Barua yako nimeipata, ndefu kweli kweli, ya mtu aliyekuwa anasubiri maji yajae ndipo boti iondoke.

Kwa wasomaji wengine: aliyeandika ni binti wa Nyamisati, pale zinapopakia boti za kwenda Mafia. Amesoma udaktari, amemaliza mwaka wake wa udaktari tarajali, leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika anayo, na sasa ni mtumishi wa serikali humo humo wilayani Kibiti, kwenye delta ya Rufiji. Anataka kusomea ubingwa wa upasuaji. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Wenzake waliobaki mjini wana machapisho, wana maprofesa wa kuwadhamini. Yeye, kwa maneno yake, ana "mabusha na kina mama wa delta tu". Anauliza: barua ya kujieleza niianzeje?

Barua iache kwanza, mwaya. Nionyeshe daftari.

Nazungumzia daftari lako la upasuaji. Kila mgonjwa uliyemhudumia thieta tangu ukiwa tarajali anatakiwa awe na mstari wake: tarehe, umri, jinsia, alichokuwa anaumwa, upasuaji uliofanyika, nani alisimamia, mgonjwa aliishaje. Jina lake halimo, na picha yake haimo kabisa, hata uliyopiga kwa nia njema. Halafu kuna safu moja ambayo vijana wengi huiruka: wewe ulikuwa nani pale mezani? Ulisaidia, ulipasua ukisimamiwa, au ulipasua peke yako? Andika ukweli. Atakayekuhoji amezeekea thieta. Ukimwambia umefungua matumbo mengi peke yako atakuuliza ulifunga kwa uzi gani, na ulifanya nini damu ilipoanza kuvuja mahali usipopaona. Hapo ndipo daftari la kutunga hupasuka, na maombi mengine yote huenda nalo. Aliyeandika "nilishika vyuma vya kutanulia kidonda, bingwa akapasua" akaweza kueleza hatua kwa hatua alichokiona, huyo anasikilizwa.

Kama hukuandika tangu mwanzo, rejista ya thieta ipo. Kaa na sista wa thieta siku asipokuwa na kazi nyingi, ifungue, unakili zile za kwako, na msimamizi wako asaini.

Sasa hayo mabusha unayoyaonea haya. Nani kakwambia ni kazi ndogo? Pwani yetu ndiyo nyumba ya matende na mabusha. Mbu anaeneza, minyoo inaziba mishipa ya maji, na mwanamume anaishi miaka na mzigo anaouficha chini ya shuka. Kampeni ya kugawa kingatiba ya ugonjwa huu nchini ilianzia Mafia, mwaka 2000, yaani ng'ambo ya gati lenu. Dawa zinapunguza maambukizi, lakini busha lililokwisha kujaa haliondoki kwa kidonge, linataka kisu. Daktari kijana aliyepasua mabusha mengi akiwa na msimamizi, akaandika wangapi walivimba baadaye, wangapi walitunga usaha, wangapi walirudi, huyo ana jambo la kusema ambalo mwenzake wa hospitali kubwa ya mjini huenda hana. Andika hayo matatizo ya baadaye bila woga. Daftari lisilo na kidonda hata kimoja kilichooza halimshawishi mtu anayeijua kazi.

Na kina mama wa delta. Mwaka 2015 jopo la jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani lilitoa ripoti yake. Likasema watu bilioni 5 hawafikiwi na upasuaji ulio salama pale wanapouhitaji, na kwamba kila mwaka dunia inapungukiwa na upasuaji milioni 143. Likachagua aina tatu za upasuaji kuwa kipimo cha hospitali: kumtoa mtoto kwa kisu, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Na likaweka saa: mtu aweze kuifikia hospitali yenye uwezo huo ndani ya saa 2.

Saa 2 hizo, mdogo wangu, zipime kwenu. Mama uchungu umemkwama visiwani, upande wa Mbwera au Salale, usiku, na maji yamekupwa. Mashua imekaa juu ya tope kati ya mikoko, na nahodha hana la kufanya mpaka bahari irudi. Akifika Nyamisati bado ana barabara ya kutokea Bungu, na wakati wa masika unaijua mwenyewe. Wataalamu wa ramani wana mahesabu yao ya mwendo wa gari na mwendo wa miguu; bamvua na maji mafu sijaona mara nyingi yakiingizwa humo. Wewe unayajua hayo tangu hujaanza shule.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta chapisho la kubandikwa jina lako katikati ya majina kumi na mbili. Fanya tathmini moja ndogo ya kwako. Chukua kina mama waliopewa rufaa kutoka visiwani wakaishia kupasuliwa, kwa kipindi ulichonacho kwenye rejista. Saa ya uamuzi wa rufaa, saa ya kuondoka, saa ya kufika, saa ya kisu. Zipange pamoja na hali ya maji siku hiyo. Usianze kabla hujazungumza na Mganga Mkuu wa Wilaya, na kama unataka kuchapisha, kibali cha maadili ya utafiti kinatafutwa mwanzoni. Mambo ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hayafanyiki kinyumenyume. Isitoshe, huko kwenu takwimu si jambo geni. Kaya za Rufiji, vizazi na vifo, zilianza kufuatiliwa mwaka 1998, kabla Kibiti haijawa wilaya ya peke yake. Mradi wa TEHIP uliofanyika Rufiji na Morogoro ulionyesha kwamba halmashauri ikigawa fedha zake kwa kufuata magonjwa yanayoua watu wake, vifo vya watoto hupungua. Tafuta maandiko hayo uyasome, usijetajiwa Rufiji kwenye mahojiano na mtu wa Moshi ukabaki unatoa macho.

Kuhusu uombe wapi: njia ni mbili, na umezichanganya kwenye barua yako. Ya kwanza ni shahada ya uzamili ya chuo kikuu, kama Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza. Hapo unakuwa mwanafunzi, unalipa ada au unafadhiliwa. Wizara ya Afya ina ufadhili wa ubingwa na ubingwa bobezi unaobeba jina la Rais Samia, ufuatilie tangazo lake. Njia ya pili ni COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha. Hakina madarasa, hospitali zilizoidhinishwa ndizo darasa. Unajifunza ukiwa kazini, miaka 2 ya msingi, kisha ubingwa wenyewe, ambao kwa upasuaji wa jumla ni miaka 3 mingine, na daftari lako la upasuaji unalijaza kwenye mtandao wao. Kwa hiyo kabla hujaomba huko, hakikisha kuna hospitali iliyoidhinishwa itakayokupokea na mwajiri atakayekuachia uende. Wapo wanaozipita njia zote mbili kwa pamoja. Mwongozo wa udahili usome wa mwaka huu, usisome wa kaka yako wa mwaka juzi.

Na mwajiri! Hapa ndipo wengi wanapokwama, si kwenye alama. Wewe ni mtumishi wa halmashauri. Jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo, barua ipite kwa mkuu wako wa kituo, kwa Mganga Mkuu, hadi kwa Mkurugenzi Mtendaji. Ruhusa ya masomo haitoki kwa sababu chuo kimekukubali wiki iliyopita. Anza kuifuatilia kabla hujaanza hata kujaza fomu, na kila barua unayopeleka baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Haya, sasa barua yako ya kujieleza. Rasimu uliyonitumia inaanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari bingwa ili niisaidie jamii yangu." Futa. Sentensi hiyo anaweza kuiandika mtu yeyote, hata wa kozi ya upishi. Tena nimeona umenakili mpangilio wa barua za Marekani. Wale wana mfumo wao: mwombaji anaorodhesha hospitali anazozitaka, hospitali nazo zinaorodhesha waombaji, kisha kompyuta inawaoanisha na majibu yanatoka Machi. Hesabu zake ni nzuri hasa, maana Alvin Roth na Lloyd Shapley walipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012 kwa kazi ya namna hiyo. Lakini barua zao zinajibu maswali ya kwao.

Jaribu kuanza hivi: "Kina mama wanaotufikia kutoka visiwa vya delta ya Rufiji husubiri maji kabla ya kumsubiri daktari. Nataka kuujua vizuri upasuaji unaoweza kufanyika hospitali ya wilaya, usiku, bila bingwa wa kumpigia simu." Baada ya hapo mweleze umefanya nini tayari, kwa tarakimu za daftari lako, umejifunza nini kwa mgonjwa mmoja ambaye mambo yake hayakwenda vizuri, na ukishakuwa bingwa unategemea kufanya kazi wapi. Hilo la mwisho lijibu kwa uaminifu. Kama hutaki kurudi Kibiti, usiahidi kurudi Kibiti.

Ila chunga, usiuze umaskini wa kwenu. Msomaji wa maombi amekwishasoma vibanda vya makuti vya kutosha. Mama mmoja, mashua moja, saa zilizopita, na wewe ulifanya nini alipofika: basi.

Wadhamini. Unasema profesa mmoja mkubwa alikufundisha mwaka wa nne na unataka kumwomba. Anakukumbuka? Barua ya mtu mkubwa inayosema "alihudhuria vipindi vyangu" ni karatasi tupu. Afadhali yule daktari wa upasuaji uliyekuwa chini yake ukiwa tarajali, aliyekuona saa nane ya usiku ukimrudia mgonjwa uliyekwisha kumwandikia. Na yule Daktari Msaidizi aliyekufundisha upasuaji wa uzazi, usimdharau kwa kuwa hana shahada kama yako. Kwa miongo mingi hawa AMO ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura kwenye hospitali zetu za wilaya. Pengine chuo kitataka mabingwa kwenye fomu, sawa. Lakini mtaje ndani ya barua yako na useme alikufundisha nini. Kila mdhamini mpelekee wasifu wako, muhtasari wa daftari na tarehe ya mwisho, wiki kadhaa kabla. Na mkumbushe kwa adabu. Watu wa upasuaji wanasahau kula, sembuse barua yako.

Makaratasi nayapita haraka, ila moja nisiliache: majina. Watu wa pwani tunaandikwa kila karani apendavyo. Cheti cha kuzaliwa Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanahamis, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo shuleni halikuwepo. Vitandaze vyote mezani leo, usome herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti nenda kwa wakili ukaape kiapo mapema. Vyeti uvipige kwa skana ya maana, si picha ya simu yenye kivuli cha kidole. Na usipandishe maombi usiku wa mwisho ukitegemea mtandao wa gatini. Nenda Kibiti mchana, kwenye steshenari, ubaki pale mpaka uone ujumbe kwamba yamepokelewa.

Mama yako anauliza utaolewa lini, na shangazi anasema upasuaji ni kazi ya wanaume. Shangazi mwambie Muhimbili yupo Dkt. Zaitun Bokhary, bingwa wa upasuaji wa watoto, na COSECSA ina umoja wa wanawake wapasuaji wa Afrika, WiSA, tangu 2015. Waandikie, wanawapokea wadogo. Mama sina la kumjibu kwa niaba yako. Ila mchumba kama yupo, mweleze mapema maana ya zamu za rezidenti, miaka mitatu na zaidi, na akuambie mwenyewe kama anaiweza.

Ulimalizia na ushungi, kwamba je, utakuponza. Kwenye mahojiano vaa kama unavyovaa siku zote, nguo safi, iliyonyooshwa. Thieta ndiko kwenye utaratibu: ushungi wa nyumbani unabaki chumba cha kubadilishia, unavaa wa thieta uliofuliwa hospitali au kofia ya kufunika nywele, masikio na shingo, na ncha yake inaingia ndani ya nguo. Mikono utaikunja juu ya viwiko wakati wa kunawa, hilo halina njia ya mkato, kisha gauni la upasuaji litaifunika hadi kwenye glavu. Uliza mapema kwa sista mkuu wa thieta utakakokwenda. Mara nyingi anazo kofia za namna hiyo kabatini, na kama hana, fundi wa Kibiti atakushonea mbili kwa kitambaa cha kijani cha pamba.