Somo kwa Vyama vya Msingi: Namba ya Simu ya Mwanachama



Somo la safari hii lahusu jambo ambalo wengi wetu hudhani si la ushirika, nalo ni mawasiliano ya simu za mkononi vijijini. Tumezoea kuliona kuwa ni shughuli ya makampuni ya simu na mazoea ya vijana. Lakini tangu malipo ya mazao yalipoanza kupitia benki na simu, namba iliyoandikwa mbele ya jina la mwanachama katika daftari ina uzito ule ule wa kilo zilizoandikwa katika stakabadhi yake. Kilo zikikosewa, jasho lake limepotea; namba ikikosewa, limepotea vile vile, tena bila yeye kuwapo mizanini kushuhudia. Kwa hiyo yafaa somo hili lisomwe kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, na lisomwe kwa sauti mkutanoni, kwa kuwa linawahusu zaidi wale wasioweza kulisoma wenyewe.

MIZANI YA JANA NA UJUMBE WA LEO

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, ambamo Musoma ilikuwamo wakati ule, walilalamikia mizani ya wanunuzi. Mizani yenyewe ilikuwapo katika kila duka la kununulia. Aliyekosekana ni mtu wa upande wa mkulima, awezaye kuusoma mshale wake na kutaja ratili kwa sauti mbele ya mnunuzi. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, vikazaliwa vyama vilivyokuja kuungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria.

Leo mnara wa simu umesimama kilimani kama mizani ile ilivyosimama dukani. Fedha za pamba zikiingia, simu hulia, na ujumbe hutaja kiasi kilichopokelewa, jina la aliyetuma, salio, na namba ya muamala. Mwanachama asiyeweza kuusoma ujumbe huo humpa kijana wa dukani amsomee, na aghalabu humpa na namba yake ya siri ili amtolee fedha papo hapo. Huyo yu mahali pale pale alipokuwa babu yake mbele ya mshale asioujua. Tofauti ni kwamba babu alisimama na wenzake foleni nzima, naye amesimama peke yake.

KWA NINI MTANDAO HUFIKA HAPA USIFIKE PALE

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1994. Wakati huo huku kwetu habari ya msiba ilipelekwa kwa barua iliyokabidhiwa kondakta wa basi, au kwa simu ya upepo ya misheni au ya polisi ikiwa mtu alikuwa na bahati ya kusikilizwa. Simu za mkononi zilipoenea, minara ilitangulia mijini na kando ya barabara kuu, kisha ndipo ikaanza kuingia ndani. Mpangilio huo una sababu mbili, na Katibu hana budi kuzifahamu ili ajue la kuomba na mahali pa kuliomba.

Sababu ya kwanza ni ya maumbile. Mawimbi ya simu huenda kama mwanga wa taa: hunyoosha njia, na kilima huyakinga. Nchi ya Butiama ina vilima na majabali mengi, kwa hiyo kaya mbili zinazotazamana bondeni huweza kutofautiana kabisa. Moja inapata mtandao jikoni, na nyingine hadi mtu apande kichuguu. Tena mawimbi hayalingani. Yale ya masafa ya megahezi 900 huenda mbali na kupenya kuta kuliko yale ya 2100. Ndiyo maana kitochi cha mzee huweza kupokea simu mahali ambapo simu janja ya mjukuu wake inazungusha intaneti bila kuipata.

Sababu ya pili ni hesabu. Mnara wahitaji umeme au sola na betri, jenereta na mafuta yake, mlinzi, na barabara ya kumfikisha fundi. Kijiji chenye watu wachache wanaonunua vocha ndogo hakirudishi gharama hizo, na kampuni ya biashara haitajenga kwa huruma. Kwa ajili hiyo Bunge lilipitisha mwaka 2006 sheria iliyounda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku kwa kampuni inayokubali kujenga mahali pasipo na faida. Tarehe 13 Mei 2023 mjini Dodoma ilitiwa sahihi mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu kwa utaratibu wa ruzuku. Kwa hiyo chama ambacho baadhi ya wanachama wake wangali kivulini kina mlango wa kubisha. Lakini kibishe kwa maandishi yenye maana. Kusema tu kwamba "kwetu mtandao hakuna" hakumsaidii fundi wala mpangaji. Itajwe kitongoji kwa jina, idadi ya kaya, shule au zahanati iliyopo, na mwendo wa kufika mahali ambapo simu inasoma. Kisha barua ipitie Serikali ya Kijiji na Halmashauri.

Jirani zetu wa Bunda na Serengeti wana historia yao katika jambo hili. Katikati ya miaka ya 2000, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha KTH cha Stockholm waliendesha huko mradi wa majaribio wa kuzifikishia intaneti ofisi, shule na vituo vya afya. Walitumia mkongo wa TANESCO, ambao ulikuwa umekwisha kupita juu ya vichwa vya wananchi pamoja na nyaya za umeme. Kazi ilikuwa kuushusha chini. Ni fundisho zuri, kwani huenda kitu tunachokitafuta mbali kimekwisha pita kijijini. Swali gumu zaidi, kama katika kila mradi wa namna hiyo, ni nani atalipa ankara na nani atatengeneza mitambo baada ya miaka ya ufadhili.

DAFTARI

Sasa tuingie katika kiini cha somo. Mnara ukisha kusimama, makampuni na Serikali wamemaliza sehemu yao kubwa. Iliyobaki ni yetu, na inaanza katika daftari la wanachama.

Tuchukue mfano. Yuko mwanachama, mama mzee anayelima ekari mbili za pamba. Hana simu. Alipoulizwa namba alitaja ya mwanawe, naye Katibu akaiandika bila neno. Msimu uliofuata kijana amehamia Mwanza. Fedha zikatumwa, zikapokelewa, na kwa hesabu za chama mama huyo amelipwa. Hakuna aliyeiba, vitabu vimelingana, na mama hana kitu mkononi. Chama kitamwambia nini? Kwamba namba aliitaja mwenyewe? Hilo ni kweli, wala halimpi chumvi.

Mambo ya namna hii hutokea kwa njia kadhaa. Iko laini ya mume inayopokea fedha za mke, ilhali mke ndiye mwanachama na ndiye aliyepalilia. Iko laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Usajili wa alama za vidole ulioanza Mei 2019 ulidai namba ya kitambulisho cha Taifa, na wazee ambao hawakuwa nayo walisajiliwa laini na ndugu au jirani. Mwenye jina ndiye mwenye laini mbele ya kampuni ya simu. Akifariki, au wakigombana, mzee hana la kusema. Na iko laini iliyolala. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine kabisa. Mkulima anayewasha simu wakati wa pamba tu, akaiweka sandukuni hadi msimu mwingine, huenda akakuta namba yake iko Songea. Daftari la mwaka jana, basi, halitoshi kulipia mwaka huu.

Dawa yake si ngumu, ila inataka subira. Mwezi wa Aprili, kabla ya mizani kufunguliwa, Katibu na mjumbe mmoja wa Bodi wakae na daftari, waite wanachama kitongoji kwa kitongoji. Kila mwanachama ataje namba mbele yao, nayo ipigwe pale pale ilie. Kisha ihakikiwe jina: anayetuma fedha kwa simu huonyeshwa jina la mwenye laini kabla hajaweka namba ya siri, na hapo anaweza kusitisha bila kutuma senti. Jina likitofautiana na la daftarini, iandikwe sababu, na mwanachama aweke sahihi au dole gumba kwamba ameridhia, mbele ya shahidi asiye wa nyumba ile. Mwanachama naye anaweza kupiga *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake; mara nyingine hukuta asiyoijua. Asiyetaka kulipwa kwa simu asilazimishwe. Aelezwe njia ya benki, na Bodi iamue mapema, kwa maandishi, utaratibu wa wale wasio na simu wala akaunti, badala ya kuliacha jambo hilo kwa busara ya karani siku ya malipo.

Stakabadhi ya karatasi isiachwe kwa sababu ujumbe umeingia. Ujumbe hufutika, simu hutumbukia majini, betri hufa. Karatasi iliyowekwa katika mfuko wa nailoni chini ya godoro imewaokoa wengi.

Wapo watakaosema kazi hii ni kubwa mno kwa Katibu anayelipwa kidogo. Ni kubwa, twakiri. Lakini namba hiyo sasa haileti fedha za pamba peke yake. Katika ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023, mkulima aliyesajiliwa alipelekewa kwa simu namba ya kununulia mbolea kwa bei nafuu, na aliyeandikiwa namba ya simu isiyo yake alibaki akimtafuta aliyeupokea ujumbe. Kadhalika Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kompyuta, MUVU, unaotaka kumbukumbu za vyama ziingizwe humo. Makosa yaliyomo daftarini yataingia pamoja nazo.

Tena namba za wanachama ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yahusu hata daftari la chama cha msingi. Kumpa mchuuzi wa mbegu au mgombea wa kura orodha ya simu za wanachama, kwa kuwa tu ameomba kwa adabu, si ukarimu. Matapeli nao hupenda majira ya malipo. Ujumbe wao twaujua sote, ule unaoagiza fedha fulani zitumwe kwenye namba nyingine. Ujumbe huo hauna pa kujibiwa. Upelekwe namba 15040, ambako mamlaka hupokea taarifa za namba za utapeli.

KUJIFUNZA PAMOJA

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio hazikuwa nyingi vijijini. Watu walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu chake. Kipindi kikisha, walizungumza, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Redio ilisema, kikundi kikatenda. Simu tumeipokea kwa namna nyingine, kila mtu na yake mfukoni, na kila mtu akajifunza au asijifunze kwa bahati yake. Chama kinaweza kurekebisha hilo kwa gharama ndogo: jioni mbili kabla ya msimu, kikundi cha watu kumi, simu tatu za kitochi, na kijana mmoja mvumilivu wa kuwaonyesha wazee jinsi ya kusoma kiasi kilichoingia, kubadili namba ya siri, na kuiweka siri hiyo hata kwa mjukuu mpendwa. Asiyejua kusoma maneno aghalabu anajua tarakimu, kwa kuwa amezisoma mizanini na sokoni maisha yake yote, aanzie hapo.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA VIKUNDI

1. Katika chama chetu, ni wanachama wangapi ambao namba zilizo daftarini si laini zao wenyewe? Katibu alete hesabu, si makadirio.

2. Mume na mke wakiwa wote ni wanachama na simu ni moja, malipo ya kila mmoja yatatambulikaje?

3. Fedha zikitumwa kwa namba isiyo sahihi kwa kosa la karani, chama kitamlipa mwanachama kutoka fungu gani, na kwa muda gani?

4. Ni kitongoji gani katika eneo letu ambacho simu haisomi, na barua yake itaandikwa na nani?

Majibu yaandikwe katika kitabu cha mihtasari na yasomwe mbele ya Mkutano Mkuu unaofuata. Jibu la swali la tatu likiwa "hatujaamua", na liandikwe hivyo hivyo.