Kaka, Imekataa: Mafunzo Niliyopata Nikiwasha Kompyuta za Mtwara kwa Mtandao

Mwishoni mwa 2019 nilikabidhiwa kubadilisha mfumo endeshi kwenye kompyuta 24 za ofisi yetu ya Mtwara. Matengenezo ya Windows 7 yalikuwa yanakoma tarehe 14 Januari 2020, nami nilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka zilipo mashine. Mpango ulikuwa kompyuta ziwake kwa mtandao, utaratibu uitwao PXE: mtu abonyeze F12, mashine iombe anwani, ielekezwe kwenye seva yangu, ivute faili la kuanzia, kisha usimikaji uendelee wenyewe. Kule nilikuwa na mtunza stoo, mtu makini sana, ambaye kazi ya kompyuta hakuwahi kuifanya lakini alikuwa na funguo za vyumba vyote. Siku ya kwanza haikuwaka hata moja.

1. Uliza skrini imeandika nini, herufi kwa herufi

"Kaka, imekataa," aliniambia kwenye simu. Nami nikalichukua neno hilo nikaenda nalo kwenye seva. Kwa siku mbili nzima nilifuta huduma nikaisimika upya, nikatengeneza upya picha ya mfumo, nikazima na kuwasha. Siku zile mbili zinaniuma hadi leo, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa kule kule Mtwara, mbele ya macho yake, na hakuna aliyemwomba alisome.

Siku ya tatu nilimwomba arekodi video kwa simu, maana ujumbe ule hupita upesi. Video ya vyumba vya chini ilionyesha PXE-E53. Ya ghorofani ilionyesha PXE-E51. Yalikuwa magonjwa mawili, nami nilikuwa nikiyatibu kama moja, tena nikimnywesha dawa asiyeumwa, yaani seva.

E51 maana yake mashine imeita na hakuna aliyeitika. E53 maana yake imeitikiwa na imepewa anwani, ila haikutajiwa faili la kuwashia. E32 maana yake inajua faili na seva, lakini imegonga mlango wa TFTP, huduma inayotuma faili hilo, na haukufunguliwa. E61 mara nyingi ni kebo iliyolegea. Kila namba inakuonyesha mahali mazungumzo yalipokatikia. Yote yaliyotangulia mahali hapo ni mazima, huna haja ya kuyagusa.

2. Anwani ni kitu kimoja, maelekezo ni kingine

Kompyuta isiyo na mfumo huingia mtandaoni kama mgeni anayepiga hodi: haijui jina la mtu, kwa hiyo huita kila aliyepo. Wito huo hauvuki rauta. Pale chini rauta ya ofisi iliitikia na kutoa anwani vizuri kabisa, ila yenyewe haikujua lolote kuhusu seva yangu, na seva yangu, iliyokuwa mtandao mwingine, haikuusikia wito. Niliandika kwenye DHCP ya rauta, yaani huduma inayogawa anwani, chaguo namba 66, jina la seva, na namba 67, jina la faili. E53 ikaondoka papo hapo. Nilifurahi mapema mno, kama nitakavyoeleza.

3. Aliyepo huona usichokiona

Ghorofani E51 iliendelea. Nilikagua mipangilio ya swichi kwa mbali, sikuona kosa. Kebo tulibadilisha. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika ombi la nauli pale mtunza stoo aliponipigia: "Kaka, samahani, mimi si fundi. Lakini mbona ya mhasibu inapata, na wote wako chumba kimoja?"

Nikamwuliza kebo ya mhasibu inakwenda wapi. Akainama chini ya meza akaifuata kwa mkono. Ilikuwa inaingia kwenye kiswichi kidogo cha matundu matano, kile cha bei rahisi, alichowekewa mhasibu ili agawane laini na printa. Kutoka hapo ndipo laini ilipopanda kwenye swichi kubwa.

Hapo nikaelewa. Swichi kubwa za ofisi zina kinga ya kuzuia mtandao usijizungushe. Tundu likiamka, kwa utaratibu wa zamani wa kinga hiyo swichi husikiliza kwa sekunde 15, hujifunza kwa sekunde 15 nyingine, ndipo huruhusu data ipite. Kompyuta inapowaka upya, kadi yake ya mtandao huzimika na kuwaka, na ile nusu dakika huanza kuhesabiwa. Zile kompyuta zetu za ghorofani zilikuwa zinaita na kukata tamaa kabla mlango haujafunguliwa. Ya mhasibu haikupata tatizo hilo kwa sababu kiswichi kile hakikuzimwa, hivyo tundu la swichi kubwa lilibaki wazi muda wote.

Niliwasha mpangilio unaofungua tundu la kompyuta mara moja, kwa matundu ya kompyuta pekee, si yale yanayounganisha swichi na swichi. Ghorofa nzima ikapata. Tangu siku hiyo, nikikutana na E51, jaribio langu la kwanza ni kiswichi cha matundu matano.

4. Mashine za zamani na mpya hazisomi faili moja

Kompyuta 18 zilikuwa za zamani, za BIOS, sita zilikuwa mpya za UEFI. Chaguo 67 nililoandika kwa furaha lilizipa zote faili la BIOS, na zile sita zikalipokea zikakwama. Mashine yenyewe hujitambulisha kwa chaguo 93: BIOS husema 0, UEFI ya biti 64 husema 7. Seva ya kuwashia ikiachwa ijibu yenyewe, itaipa kila moja faili lake. Ukiandika jina moja kwenye rauta, umeifunga mdomo. Nikafuta 66 na 67.

5. Umbali haununuliwi kwa kifurushi kikubwa

Lakini ili seva ijibu yenyewe ilibidi iusikie wito, na palikuwa na jambo la pili. TFTP ya asili hutuma fungu la baiti 512, kisha husubiri ithibitishiwe limefika, ndipo itume jingine. Kutoka Dar hadi Mtwara na kurudi tulipima milisekunde 40. Hayo ni mafungu 25 kwa sekunde, baiti 12,800. Faili la megabaiti 200 linachukua zaidi ya saa nne, na ukiongeza kasi ya intaneti hupati kitu, kwani muda unaliwa na kusubiri. Tangu 1995 ipo kanuni ya mafungu makubwa zaidi, nayo inasaidia. Mimi nilituma seva ndogo kwa basi, ikawekwa stoo, kwenye mtandao ule ule. Matatizo mawili yakaisha siku moja.

6. Kadi iliyowasha mashine yaweza kupotea baada ya kuwaka

Zile sita ziliwaka, zikaonyesha dirisha la usimikaji, kisha zikasema hakuna mtandao. Tulibonyeza Shift na F10, tukaandika ipconfig, hapakuwa na anwani. Hatua ya kwanza kadi huendeshwa na programu iliyomo ndani ya mashine. Windows ndogo ya usimikaji ikishaingia hutaka draiva yake, na yangu ilikuwa ya zamani kuliko kadi zile. Nikaongeza draiva mpya kwenye picha ya mfumo.

Tulimaliza zote 24 kabla ya tarehe 14. Wiki chache baadaye umeme ulikatika Mtwara, na kulipokucha kukawa na kompyuta moja ya kusimika upya. Simu iliita kabla sijafika kazini. "Shikamoo kaka. Hii leo imeandika E32." Nilimwomba aende stoo akaiangalie seva. Ilikuwa imewaka, huduma ya TFTP haikuwa imeanza.