Pembetatu ya Pascal: nani aliianzisha?

Swali: Mwalimu alituchorea pembetatu ya Pascal ubaoni. Je, Pascal ndiye aliyeivumbua? Na ina kazi gani?

Jibu: Hakuivumbua. Blaise Pascal, Mfaransa, aliandika kitabu juu yake mwaka 1654, kikachapishwa 1665 akiwa ameshafariki. Al-Karaji wa Baghdad aliijua zaidi ya miaka 600 kabla yake. Huko Uchina, Yang Hui aliiweka kitabuni mwaka 1261 na kutamka wazi kuwa aliipata kwa mtangulizi wake, Jia Xian. Uungwana huo wa kitaaluma naupenda sana. Sifa halali ya Pascal ni kuitumia kupima bahati katika michezo ya kamari.

Kazi ya pembetatu hiyo? Kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake, na pembeni ni 1 tupu. Chukua mstari huu: 1, 5, 10, 10, 5, 1. Ukitaka kuchagua wanafunzi wawili kati ya watano, anza kuhesabu namba kutoka sifuri: ya sifuri ni 1, ya kwanza 5, ya pili 10. Basi njia ni 10. Mstari huohuo hukupa vizidishi vya (a + b) ikipandishwa kipeo cha 5, bila kuzidisha mabano hata mara moja.