Tembe ya Kwihara na Njia ya Misafara

Mtu akaaye Kitete hana haja ya kusafiri mbali ili auone mji wa kale wa wafanya biashara, maana anaishi ndani yake. Palipo Tabora leo, wageni wa karne ya 19 walipaita Kaze, katika nchi ya Unyanyembe. Njia tatu kuu zilikutana hapa: ya Bagamoyo upande wa mashariki, ya Ujiji upande wa magharibi, na ya Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Jina la Tabora lenyewe, husimuliwa kuwa limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula kifaacho safarini.

Ili kujifunza habari za mji huu nilikwenda Kwihara, yapata kilometa sita kusini magharibi ya mji, nikiwa na daftari yangu na maswali matatu: Mji uliuza nini? Nani waliochukua mizigo? Na nyumba ya kale yaweza kutufundisha nini?

Nyumba hiyo ni tembe kubwa iliyotengenezwa upya, na sasa ni makumbusho. Kuta zake ni nene, paa lake ni bapa, na mlango wake ni wa nakshi kama milango ya pwani. Mtu asimamapo kizingitini huona mara moja mambo mawili yaliyochanganyika: ujenzi wa tembe ni wa bara, na uchongaji wa mlango ni wa Unguja. Stanley alifika Kwihara mwezi Juni 1871, akazuiwa na vita vya Mirambo aliyeifunga njia ya Ujiji, hata akazunguka kusini. Mwezi Februari 1872 alirudi pamoja na Livingstone. Stanley akaenda zake pwani mwezi Machi, na Livingstone akakaa katika tembe hii akingoja watu na vifaa mpaka 25 Agosti 1872, alipoondoka kwenda safari yake ya mwisho.

Sasa natazame swali la kwanza. Kutoka pwani zilikuja nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilifumwa Marekani. Kutoka bara zilikwenda pembe za ndovu, ambazo huko Ulaya na Marekani zilifanywa vibao vya kupigia piano na mipira ya biliadi. Lakini si kila biashara ilikuwa ya mbali. Wahunzi wa Usumbwa walifua majembe, na majembe hayo yaliuzwa, yakatolewa mahari, hata yakalipwa kuwa hongo njiani. Chumvi ilitoka Uvinza. Katika misitu ya miombo watu walitundika mizinga mitini na kurina asali, kazi ambayo Tabora inasifika kwayo hata leo.

Swali la pili ndilo lililonifikirisha zaidi. Kutoka pwani hata hapa ni yapata kilometa 800. Punda walikuwa wachache, na ng'ombe wa kukokota gari walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo kila kitu kilichukuliwa begani au kichwani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, nazo ni kama kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Burton na Speke walitumia siku 134 toka pwani, wakafika Kaze 7 Novemba 1857. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliopatana ujira wao, wakasafiri wakati wa kiangazi na kurudi kulima mvua zikinyesha. Tena hawakufundishwa njia na wageni: Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika pwani na pembe zao kabla Waarabu hawajafanya makao hapa.

Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo. Wengine waliuzwa pwani, na wengine waliachwa hapa kulima mashamba na kutumika katika nyumba za matajiri. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa katika Tanganyika ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922. Basi, tusifiapo uzuri wa mlango wa nakshi, yatupasa tuulize pia ni nani aliyefagia ua uliokuwa nyuma yake.

Hilo ndilo jibu la swali la tatu. Tembe hutunza jina la mgeni aliyelala ndani yake miezi michache. Haitunzi majina ya maelfu waliotua mizigo yao nje. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya mpagazi wa safari ndefu ilianza kufa, na kumbukumbu yake ikafifia pamoja nayo. Imebaki katika miembe mikubwa ya njia ya kale, katika jina la mji, na katika masimulizi ya wazee wetu. Miembe na tembe zaweza kungoja, lakini wazee hawangoji. Mwanafunzi mwenye babu au bibi aliyesikia habari za safari hizo kwa wazazi wake, na aziandike sasa.

Mazoezi

1. Taja bidhaa tatu zilizotoka pwani, na tatu za bara.

2. Ikiwa njia ni kilometa 800, msafara uliotumia siku 134 ulikwenda wastani wa kilometa ngapi kwa siku? Kwa nini ulikwenda polepole hivyo?

3. Eleza tofauti kati ya mpagazi na mtumwa katika msafara.

4. Uliza nyumbani, kisha andika ukurasa mmoja: Ni nani wa ukoo wako aliyeijua njia hii?