Mbegu ya Muhogo na Mbegu ya Mwani: Somo la Seli

Wakulima wenzangu wa Uroa,

Mimea miwili mnayoijua kuliko mingi haipandwi kwa punje. Muhogo mwaupanda kwa kipande cha mti wake katika mashamba ya maweni, na mwani mwaupanda kwa kitawi kilichofungwa kwa taitai kwenye kamba, maji yakipwa. Vyote viwili mwaviita mbegu, nalo ni jina la haki. Lakini yafaa kujua kwamba mbegu ya namna hii si mtoto aliyezaliwa na baba na mama. Ni kipande cha mwili wa mmea ule ule wa zamani. Kila kilichokuwamo ndani ya mmea ule, kizuri na kibaya, chahamia shamba jipya pamoja nacho. Ili kulifahamu jambo hili vema hatuna budi kutazama mwili wa mmea umejengwa kwa kitu gani.

Kila kilicho hai kimejengwa kwa seli. Mwaka 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alikata ganda la mti jembamba sana akaliweka chini ya hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Akaona vyumba vingi vimepangwa kama sega la nyuki, akaviita kwa neno la kwao lenye maana ya chumba kidogo. Ndilo asili ya neno seli. Vyumba alivyoviona vilikuwa vitupu, kwa kuwa ganda lile lilikuwa limekwisha kufa. Ilipofika 1838 na 1839 Wajerumani wawili, Schleiden na Schwann, walieleza kwamba mimea yote na wanyama wote wamejengwa kwa seli.

Seli nyingi hazionekani kwa macho. Za mmea huweza kupangwa kumi hata mia katika mstari wa milimita moja. Lakini iko moja muionayo kila siku. Ile njano ya yai la kuku lisilo na mbegu ya jogoo ni seli moja tu iliyojaa chakula. Sisi twaiita kiini cha yai, na hapo jihadharini na jina, kwa maana kiini cha seli nitakachokitaja sasa ni kitu kingine, kidogo mno. Katika yai kimo ndani ya doa jeupe lililo juu ya ile njano.

Seli ya mmea ina ukuta mgumu kwa nje. Ndani ya ukuta pana utando mwembamba, na ndani ya utando pana ute. Katika ute kimo kiini, ambacho kina maagizo yote ya mmea: urefu wake, umbo la jani, utamu au uchungu. Seli ikigawanyika kuwa mbili, kila moja hupata nakala ya maagizo hayo. Ndiyo sababu kipande cha mti wa Machui humea Machui, hakimei kingine. Vimo pia viungo vya kijani viitwavyo kloroplasti, vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na vingine viitwavyo mitokondria, vinavyovunja sukari ili seli ipate nguvu. Tena seli ya mmea ina kifuko kikubwa cha maji. Seli za wanyama, na zetu sisi, hazina ukuta wala kloroplasti. Utando na kiini zinavyo, ila seli nyekundu za damu yetu, ambazo hupoteza kiini chake zikikomaa. Bakteria nao ni seli, ila ni ndogo zaidi na hawana kiini. Maagizo yao yanaelea katika ute.

Utando ndio mlinzi wa mlango, na kazi yake mwaweza kuijaribu nyumbani. Kata mbatata mbichi vipande viwili vyembamba. Kimoja kitie katika maji matamu, cha pili katika maji ya bahari, uviache mpaka saa mbili zipite. Cha kwanza kitakuwa kigumu, cha pili kitalegea kama kamba. Maji hupenya utando yakitoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Basi bahari imeyavuta maji ya mbatata yakatoka.

Kifuko nacho kina habari yake. Katika muhogo hifadhi ya sumu imo kifukoni, na kile kinachoiamsha kimekaa mbali nayo, katika ukuta. Maadamu seli ni nzima, havikutani. Ukiuparua muhogo au kuutafuna mbichi, seli hupasuka, vitu hivyo huchanganyika, na sumu ya sayanidi hutoka. Mama zetu hawakuwa na hadubini, lakini kwa kukitwanga kisamvu kabla ya kukipika walizipasua seli zake, sumu ikatoka na kupotea pamoja na mvuke wa chungu. Kwa sababu iyo hiyo muhogo mchungu ulioparuliwa au kurowekwa kabla ya kuanikwa una salama zaidi kuliko makopa makubwa yaliyoanikwa tu juani.

Sasa nirudi kwenye mbegu. Nakiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilimpa jirani mbegu ya muhogo kwa kutazama majani tu. Yalikuwa ya kijani na miti imenyooka. Alipochimba, mizizi ilikuwa na mabaka makavu ya kahawia ndani, hailiki hata kwa mifugo. Hakunigombeza. Alileta muhogo mmoja uliokatwa, akauweka barazani pangu, akaenda zake.

Ugonjwa ule ni michirizi ya kahawia, ulioelezwa na H. H. Storey wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1936. Huletwa na kirusi. Kirusi si seli: hakina utando wala ute, ni maagizo machache tu yaliyofungwa ndani ya ganda. Huingia katika seli ya muhogo na kuitumikisha itengeneze virusi wengine, nao huenea mtini. Nzi weupe huwachukua kutoka mti hata mti, lakini anayewachukua mbali zaidi ni mkulima mwenye mzigo wa mbegu. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayowatoa ndani ya seli. Kwa hiyo chagua mbegu siku ya kuvuna, si siku ya kupanda. Tazama majani ya chini kama yana manjano kandokando ya mishipa. Kisha kata mizizi ya kila mti uione. Mti wenye baka hata moja usitoe mbegu. Aina kama Kizimbani na Machui huvumilia ugonjwa huu, lakini kuvumilia si kutoambukizwa; nazo zikatwe zitazamwe.

Mwani hauna mizizi ya kweli. Kila seli ya nje hujinywea chakula chake baharini, na kuta za seli zake ndizo zenye ute mzito uitwao karajinani, ambao ndio mnunuzi anaoutaka. Kilimo cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, mbegu zilitoka Ufilipino, na tangu hapo tumekuwa tukikata kipande kwa kipande. Basi shamba zima lina maagizo yale yale katika viini vyake, na kinacholiumiza tawi moja huweza kuliumiza shamba lote. Aina ya kotoni, yenye bei nzuri kuliko spinosumu, imetuonyesha hayo katika maji yetu ya kina kifupi: joto la kaskazi likizidi, seli zake hudhoofika, tawi huwa jeupe na laini, bakteria huzila kuta, nalo hukatika. Yafaa ipelekwe kwenye maji ya kina, palipo poa.

Mvua nayo hudhuru. Bamvua likiuacha mwani wazi na mvua ikanyesha, maji matamu huingia katika seli zilizozoea chumvi. Ukuta huzizuia zisipasuke upesi, lakini utando huumia na rangi huvuja.

Kwa mbegu ya mwani, twaeni ncha changa, kwa kuwa ndizo zenye seli zinazogawanyika kwa kasi. Ziwe ngumu mkononi, zisiwe na weupe wala majani madogo kama nywele yaliyoshikamana nazo. Zifungwe siku ile ile zilipokatwa, na zikisubiri zifunikwe kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, wala si ya kisima.