Pikipiki ya Umeme na Kompyuta Iliyo Ndani Yake

Muhula uliopita, baada ya somo la sumaku na umeme katika Kidato cha Tatu, kijana mmoja aliniletea kipande cha gazeti chenye picha ya pikipiki. Haikuwa na tangi la mafuta wala bomba la moshi. Chini ya picha iliandikwa kwamba pikipiki hiyo huenda kwa umeme, ina kompyuta ndani yake, nayo hupelekeana habari na intaneti. Akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa pikipiki yenyewe ni kompyuta, anayeiendesha ni mimi au ni hiyo kompyuta?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa kubwa kuliko jibu nililokuwa nalo siku ile. Makala hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa muhula mzima.

Tuanze na mota. Mwaka 1821 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi huko Uingereza, alionyesha kuwa waya unaopitisha umeme waweza kuizunguka sumaku bila kukoma. Mota zote za umeme, tangu ile ya feni hata ile ya pikipiki, zimetokana na jambo hilo. Sasa linganisheni na injini ya petroli. Injini ikiwa imesimama haina nguvu hata kidogo. Hapana budi izungushwe kwanza, ndipo iwake, kisha ishike mwendo, na kwa sababu hiyo tuna kiki, klachi na gea. Mota haina haja ya hayo. Nguvu yake ya kuzungusha gurudumu ipo yote tangu dakika ya kwanza, ingali imesimama. Ndiyo maana LiveWire, pikipiki ya umeme ambayo kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 2019, hutoka kusimama hata kufikia karibu kilomita 100 kwa saa katika muda wa sekunde 3. Katika barabara zetu za Kasulu na Kibondo sioni kazi ya mwendo huo, ila kumwangusha abiria pamoja na kuku wake.

Lakini nguvu ile ile itoayo mwendo wa mbio ndiyo itoayo uwezo wa kupanda mlima na mzigo, na hilo linatuhusu sana. Tufanye hesabu. Pikipiki ina kilo 130, dereva kilo 65, abiria kilo 65. Jumla kilo 260, yaani uzito wa nyutoni 2,600 hivi. Kilima kinapanda mita 5 kwa kila mita 100, nasi twaenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Basi kila sekunde tunapanda nusu mita, na kazi hiyo yataka wati 1,300. Msuguano wa barabara ya changarawe na upepo tuukadirie wati 1,200. Jumla ni wati 2,500. Kilima kikiwa na urefu wa kilomita 4, tutakipanda kwa sekunde 400, nasi tutakuwa tumetumia jouli 1,000,000. Uniti moja ya umeme, ile mnayonunua kwa LUKU nyumbani, ni jouli 3,600,000. Kwa hiyo kilima chote kimekula uniti 0.28, na ukiongeza umeme unaopotea kuwa joto, sema theluthi moja ya uniti.

Sasa betri. Betri moja ya pikipiki za umeme zinazotumika Afrika ya Mashariki aghalabu huchukua uniti 3 hivi. Kilima kile kimoja, basi, kimemega sehemu ya tisa ya betri. Lita moja ya petroli ina joto la uniti 9 hivi, na mtu aweza kudhani kuwa betri imeshindwa kabisa. Lakini injini ndogo hupeleka kwenye gurudumu kama sehemu ya tano tu ya joto hilo, na zilizobaki hutoka kwa bomba la moshi na kwa kuta za injini. Mota hupeleka zaidi ya sehemu nane katika kumi. Ukipiga hesabu utaona kuwa betri moja ni sawa na lita moja na nusu ya petroli, au pungufu kidogo. Yaani mwendo wa kilomita 60 au 70. Tazameni ramani. Kutoka Kanyani hadi Mvugwe peke yake ni kilomita 70 hivi, na kutoka Kasulu hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 130. Betri moja haifiki. Hapana budi kuwa na betri mbili, au kituo cha kubadilishia njiani.

Wengine wamesikia kuwa pikipiki ya umeme ikishuka mlima hujirudishia umeme. Ni kweli: mota ikizungushwa na gurudumu hugeuka dainamo, kama ile dainamo ya taa ya baiskeli. Lakini msidanganyike. Katika kilima chetu kile kile, kwa mwendo ule ule, uzito hutupa wati 1,300 tukishuka, na msuguano na upepo hutunyang'anya wati 1,200. Zinabaki wati 100! Faida ya jambo hili iko katika miteremko mikali na katika kusimama mara kwa mara mjini. Kwenye mteremko wa kawaida, wa changarawe, usitarajie kurudishiwa kitu.

Tumefika kwenye kompyuta yenyewe. Kwa kweli si moja. Ya kwanza ndiyo inayoendesha mota. Katika pikipiki ya petroli ukizungusha mkono unavuta waya wa chuma unaofungua kabureta. Katika pikipiki ya umeme unatuma habari tu. Kompyuta huisoma habari hiyo, hutazama sumaku za mota ziko wapi, kisha hufungua na kufunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili mota izunguke kwa kadiri uliyotaka. Hakuna jicho wala mkono wa mtu uwezao kufanya hivyo. Kompyuta hiyo ikifa, mota imekufa.

Ya pili humlinda betri. Ndani ya betri mna seli nyingi za lithiamu, nazo zina tabia ya mtoto mdekevu: zikishiba kupita kiasi huharibika, zikinyimwa kabisa huharibika, zikipata joto jingi huweza kuwaka moto. Kompyuta hiyo hupima seli moja moja na joto lake, na ikiona hatari hukata umeme. Msomaji ajue kuwa hii nayo si anasa. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo isiyo na mlinzi isiingizwe nyumbani mwa mtu.

Ya tatu ni mjumbe. Ina laini yake kama simu, na chombo cha kujua mahali pikipiki ilipo. Huwapelekea wenye kampuni habari: betri imebaki kiasi gani, imepata joto gani, iko wapi. Kampuni ya Zero ya Marekani ilitoa mwaka 2019 pikipiki iitwayo SR/F, ambayo ikiangushwa ilipoegeshwa humpigia mwenyewe kengele katika simu yake. Jambo jema hilo. Lakini kampuni hiyo hiyo, kuanzia pikipiki zake za mwaka 2022, ilianza kuuza kwa intaneti nguvu ambazo zimo tayari ndani ya pikipiki: mtu hulipa, kompyuta hufunguliwa, naye hupata kwenda mbali zaidi kwa betri ile ile aliyokuwa nayo jana. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini nikafikiri kitambo. Ni kama kununua jembe, kisha ukaambiwa kuwa mpini umefungwa kufuli.

Hayo yako mbali, mtasema. Hayako mbali. Chukueni rula mpime katika ramani: kutoka Kibondo hadi Kigali ni kilomita 200 hivi tu. Huko Kigali kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwapa madereva pikipiki za umeme. Dereva huimiliki pikipiki, ila betri si yake. Huifikisha kituoni, huachiwa nyingine iliyojaa kwa muda wa dakika chache, naye hulipia umeme alioutumia. Serikali ya Rwanda iliamua kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubebea abiria mjini Kigali zisisajiliwe ila za umeme. Nairobi iko kampuni ya Roam, iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa jina la Opibus. Mwaka 2024 pikipiki yake ilisafiri kutoka Nairobi hadi Stellenbosch katika Afrika Kusini, kama kilomita 6,000, ikipitia Tanzania, kwa umeme wa jua. Na kwetu, mwaka 2022 Kibondo na Kasulu ziliunganishwa na gridi ya Taifa, zile mashine za dizeli zikapumzishwa. Zamani mtu angeuliza pikipiki hiyo itachajiwa wapi. Sasa swali hilo limekwisha nguvu, walau mjini.

Kwa hiyo narudi kwa kijana wangu. Kompyuta ya kwanza na ya pili zinatakiwa na Fizikia. Bila hizo hakuna mwendo wala usalama. Ya tatu haitakiwi na Fizikia. Gurudumu laweza kuzunguka vizuri pasipo intaneti hata kidogo. Mjumbe yule anatakiwa na mkataba. Kama betri ni ya kukodi, mwenye betri anataka kujua iko wapi na imelipiwa, na akiwa na njia ya kupeleka habari, anayo pia njia ya kupeleka amri. Mmeziona simu za mkopo: siku ya malipo ikipita, simu hujifunga. Betri nayo yaweza kufungwa hivyo hivyo.

Wengi wa vijana wetu wakimaliza Kidato cha Nne, na wengine kabla ya kumaliza, huchukua pikipiki ya mkataba: hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku au kila wiki mpaka pikipiki iwe mali yao. Leo dereva akikosa hesabu, tajiri humtafuta, hugomba naye, na mara nyingi husikilizana. Mvua ilinyesha, mtoto aliugua, mambo hueleweka. Mashine haiulizi habari za mvua. Siwaambii mkatae pikipiki hizi. Kelele zimepungua, moshi hakuna, oili hakuna, ploki hakuna, na umeme mara nyingi ni nafuu kuliko petroli ya chupa ya kando ya barabara. Nasema tu kuwa kabla ya kutia sahihi, mzazi na mtoto waulize maneno matatu: betri ni ya nani? Mahali pasipo na mtandao, kama zilivyo sehemu nyingi za njia zetu za porini, pikipiki inakwenda au inasimama? Na ikifungwa kwa makosa usiku, abiria mgonjwa yuko nyuma, nani mwenye kuifungua, naye apatikana wapi?

Liko na jambo la ufundi. Fundi wetu wa leo husikiliza injini kwa sikio. Fundi wa pikipiki ya umeme atahitaji mita ya kupimia volti, na kompyuta ya kusomea makosa, na mara nyingine ruhusa ya kampuni ili kompyuta ya pikipiki ikubali kusomwa. Wale wanaolala katika kipindi cha umeme wafahamu kuwa kazi hiyo itakwenda kwa wengine.

Mazoezi. (1) Dereva amechukua abiria watatu wa kilo 65 kila mmoja badala ya mmoja, yaani mshikaki. Tafuta wati za kupandia kilima chetu kwa mwendo ule ule, ukichukua kuwa msuguano na upepo ni wati 1,500. (2) Mteremko una mita 10 kwa kila mita 100, dereva ana abiria mmoja. Zinabaki wati ngapi za kurudi kwenye betri kabla ya hasara ya mota? (3) Chukua risiti ya LUKU ya nyumbani, utafute bei ya uniti moja. Kisha umwulize dereva mmoja wa stendi hununua lita ngapi kwa siku na kwa bei gani. Je, kwa kilomita zile zile, umeme ungemgharimu kiasi gani?

Majibu yaletwe katika chumba cha Fizikia kabla ya wiki ya mitihani. La tatu lisinakiliwe kwa jirani, maana hakuna madereva wawili wanaotumia mafuta sawa, nami nitajua.